Tani moja ya taka za sokoni Mwanza: inachafua nini, na kwa kiasi gani?

Kila mvua za vuli zinapoanza Mwanza, mjadala wa taka huanza nazo. Mitaro inaziba, Mto Mirongo unakokota kila kilichoachwa kando yake hadi ziwani, na vijiweni kila mtu ana dawa yake. Mmoja anataka magari ya taka yaongezwe. Mwingine anasema tuchome, yaishe. Yuko aliyesikia kwamba taka zinageuzwa gesi ya kupikia, yuko aliyesikia kuhusu funza wanaokula taka na wenyewe kuliwa na kuku, na yuko anayeamini kwamba mboji ndiyo jibu la kila kitu. Tangu dampo la Kiteezi, Kampala, liporomoke Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, wapo pia wanaouliza kama tunakotupa sisi ni salama.

Kila hoja hapo ina ukweli ndani yake. Kinachokosekana ni namna ya kuziweka kwenye mizani moja. Tunaambiwa mradi fulani ni "rafiki wa mazingira", lakini mazingira yapi? Hewa tunayovuta? Tabianchi ya dunia? Maji ya ziwa tunayoyanywa? Njia moja inaweza kuwa rafiki wa kimoja na adui wa kingine, na hapo ndipo mabishano yetu mengi yanapokwama.

Tuanze na maneno yenyewe. Taka zinazooza ni zile zilizotoka kwenye mmea au mnyama: maganda ya ndizi na viazi, majani ya kabeji, ugali uliolala, matumbo ya samaki, mashina ya mikungu, nyasi, pumba. Katika miji ya Tanzania ndizo zinazochukua zaidi ya nusu ya uzito wa taka za majumbani na sokoni. Chupa na mifuko huonekana zaidi kwa sababu haviishi, lakini ukipakia mkokoteni, mzigo mzito ni wa vitu vilivyokuwa chakula. Vina maji mengi, na maji ni mazito.

Neno la pili ni tathmini. Hapa watu wengi huchanganya vitu viwili. Kuna Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ile TAM ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka ifanyike kabla ya mradi mkubwa kujengwa, na ambayo husimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Hiyo inauliza: mradi huu, ukijengwa mahali hapa, utawafanya nini watu, maji na ardhi ya hapa? Kisha kuna tathmini ya mzunguko wa maisha, ambayo ina taratibu zake za kimataifa, ISO 14040 na 14044. Hiyo haiangalii kiwanja kimoja. Inaifuata taka tangu inapotoka mkononi mwa mtu hadi mwisho wake, na kujumlisha kila kilichotumika na kila kilichotoka njiani. Mradi unaweza kuwa na cheti chake cha TAM na bado ukawa njia mbaya kuliko nyingine ambayo hakuna aliyeifikiria. Cheti kinajibu swali la kwanza. La pili kinaliacha kama lilivyo.

Fikiria mama lishe wa mwaloni Kirumba anayeuza wali na sato kwa shilingi 3,000. Akihesabu mchele na samaki tu, ataona anapata faida nzuri. Akiongeza mkaa, mafuta, maji, ushuru, nauli ya kubeba masufuria na posho ya binti anayemsaidia, anaweza kukuta sahani ile haimlipi. Na akikumbuka kwamba mapanki, yaani vichwa na mifupa ya samaki, yanayobaki humuuzia mtu wa nguruwe, faida inarudi kidogo. Tathmini ya mzunguko wa maisha ni hesabu hiyo hiyo, isipokuwa mahali pa shilingi kuna gesi, fosforasi, moshi na lita za maji. Anayekuonyesha bei ya mchele peke yake hajadanganya, ila hajakuambia kama biashara inalipa.

Zinaozaje

Ukitaka kuelewa kwa nini njia moja hutofautiana na nyingine, nenda nyuma ya soko lolote kubwa, kwenye ghuba la taka ambalo halijazolewa kwa siku tatu nne. Juu kuna majani ya kabeji yaliyonyauka na mashina ya mikungu yanayoanza kukauka. Chukua reki ufukue kiasi cha futi moja. Mvuke unatoka, na mkono ukisogea karibu unahisi joto. Ongeza kufukua. Rangi inahama kutoka kahawia hadi nyeusi ya utelezi, na harufu inageuka: si ya chakula kilichochacha tena, ni ya yai bovu. Chini kabisa maji meusi yanachuruzika polepole kuelekea mtaroni.

Ndani ya lundo moja umekutana na uozo wa aina mbili. Kule juu hewa inapita. Vijidudu vinavyovuta oksijeni vinakula taka na kutoa joto, maji na hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi. Kule chini hewa imekwisha. Vijidudu vya aina nyingine, vinavyoishi bila oksijeni, vimeshika kazi, na vyenyewe hutoa methani.

Tofauti ya hizo gesi mbili ndiyo kiini cha suala zima. Hewa ukaa inayotoka kwenye ganda la ndizi ni ile ile ambayo mgomba uliivuta hewani miezi michache iliyopita. Imekopwa na kurudishwa, kwa hiyo wanaofanya hesabu za tabianchi hawaitozi kama mzigo mpya. Ndiyo maana hoja ya kwamba "hata mboji inatoa hewa ukaa, basi ni yale yale" haina mashiko. Methani ni habari nyingine. Kilo moja ya methani inayotokana na taka hupasha dunia joto karibu mara 27 ya kilo moja ya hewa ukaa, ukipima kwa kipindi cha miaka 100. Ukipima kwa miaka 20 ni karibu mara 80, kwa sababu methani hukaa hewani kwa miaka 12 hivi tu, lakini katika muda huo mfupi hufanya kazi kwa nguvu zote.

Na methani haina harufu. Ile ya yai bovu ni ya gesi yenye salfa inayotoka pamoja nayo. Hili ni la kukumbuka kila mtu anapokuambia dampo "limedhibitiwa" kwa kuwa limemwagiwa kifusi na halinuki tena. Udongo unapunguza nzi, moto na korongo wanaochokora, na hayo ni mambo ya maana. Ila kuhusu gesi, ni funika kombe mwanaharamu apite: taka imezibiwa hewa zaidi, na uozo wa chini ndio unaopata nafasi. Bila mabomba ya kuivuta gesi, usafi wa macho umepatikana kwa gharama ya tabianchi.

Hesabu yenyewe

Ili kulinganisha njia, lazima kipimo kiwe kimoja. Wataalamu huchagua tani moja ya taka, nasi tufanye hivyo: kilo 1,000 za mabaki ya chakula kutoka sokoni. Viwango nitakavyotumia ni vya kukadiria, vilivyowekwa na jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, ili nchi zipate kuhesabu gesijoto zake. Mahali halisi patakuwa na tofauti, lakini uwiano ndio tunaoutafuta.

Tani hiyo ikizikwa kwenye dampo lenye kina cha zaidi ya mita 5, lisilokusanya gesi, itatoa takriban kilo 40 za methani katika miaka ya kuoza kwake. Zidisha kwa 27 unapata athari sawa na ya kilo 1,080 za hewa ukaa. Ikitupwa kwenye lundo la kina kifupi, ambamo hewa inapenya kiasi, methani inashuka hadi nusu. Ikifanywa mboji vizuri, itatoa methani kilo 4 hivi, pamoja na gramu 240 za gesi nyingine iitwayo naitrasi oksaidi, ambayo ni kali kiasi cha mara 273 ya hewa ukaa. Jumla yake ni kama kilo 175.

Sasa weka lori. Tuseme lori la tani 7 linakwenda dampo la Buhongwa na kurudi, na pamoja na kuzunguka mitaani linafikisha kilomita 40 na kuchoma lita 12 au 13 za dizeli. Kila lita ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Gawanya kwa tani 7: kila tani ya taka inabeba kilo 5 za hewa ukaa kutokana na safari yake.

Kilo 5 kwa lori, kilo 1,000 na zaidi kwa kile kinachotokea baada ya lori kumwaga. Nimekutana na watu makini kabisa wanaopinga kutenganisha taka kwa sababu kutahitaji gari la pili, "na gari nalo linachafua hewa". Linachafua, ndiyo, lakini hata ukiongeza safari mara tatu hujafikia hata sehemu ya hamsini ya methani ya dampo. Umbali unauma mahali pengine: mfukoni. Mafuta, matairi na foleni ndivyo vinavyokula ada za taka, na gari likishindwa kufika, taka hubaki mtaani. Kwa hiyo umbali uingizwe kwenye bajeti, usisingiziwe tabianchi.

Kuna wanaosema tuchome basi, tuondokane na hayo yote. Tani moja ya mabaki ya sokoni ina maji zaidi ya nusu ya uzito wake, mara nyingi hadi robo tatu. Haiwaki. Inafuka. Moto wa kufukiza ndio mchafu kuliko yote kwa sababu mafuta na chembe za masizi havipati joto la kuungua vikaisha, na kwenye taka zetu karibu kila mara kuna plastiki ndani, ambayo ikiungua hivyo hutoa sumu, zikiwemo dayoksini. Anayeumia kwanza ni mtoto anayelala kwenye chumba kinachopakana na lile shimo la kuchomea. Moshi wa taka kwenye uwanja wa nyumba hauwi usafi kwa sababu umefanywa asubuhi ya Jumamosi.

Safu ambayo ripoti nyingi huipitia haraka

Tathmini nyingi za taka ambazo mtu atazikuta zimeandikwa kwa ajili ya miji ya Ulaya, na huweka uzito mkubwa kwenye tabianchi. Kwetu sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, naamini safu ya maji katika hesabu hii inastahili uzito ule ule, au zaidi.

Taka zikioza, fosforasi na nitrojeni zilizokuwa ndani yake hazipotei. Gesi inaruka, vyenyewe hubaki kwenye yale maji meusi. Vikiingia ziwani vinakuwa mbolea: mwani unashamiri hadi maji ya pembeni yanakuwa ya kijani kama rangi iliyomwagwa, gugu maji linapata chakula. Mwani ukifa unazama na kuozea chini, na kuoza huko kunamaliza oksijeni ambayo samaki wangeivuta. Baadhi ya aina za mwani huo hutoa sumu ambayo kuchemsha maji hakuiondoi.

Ziwa lina jambo moja linalolifanya lishike kila tunachokitia. Lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na mlango wake wa kutokea ni mmoja, Mto Nile, pale Jinja. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kuwa mvuke, na mvuke haubebi fosforasi. Maji yanaondoka, chumvi na rutuba zinabaki nyuma.

Nisitie chumvi. Kwa ziwa zima, taka za miji si chanzo kikuu cha rutuba hiyo. Nyingi hutoka mashambani na kwenye vumbi na moshi unaoanguka na mvua. Lakini ziwa zima si mahali tunapochota maji. Tunachota Capri Point na Butimba, kwenye maji ya kando, ambako uchafu wa mji hufika kabla haujachanganyika na kitu. Simama darajani juu ya Mirongo saa moja baada ya mvua kubwa. Maji yanapita yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba chupa, magunzi, maembe yaliyooza, majani ya migomba na povu. Chupa utaziona zikikwama mbele. Kile kilichoyeyuka ndani ya ile rangi hakikwami popote.

Hapo mawe yetu yanaingia kwenye hesabu. Milima ya Mwanza ina udongo mwembamba juu ya miamba, na mvua haina pa kunywewa. Inateremka. Shimo la taka ambalo Sengerema lingekaa kimya kwenye udongo mzito, kwenye mitaa ya milimani ya Mabatini au Igogo linajaa maji, linafurika na kushuka mlimani lote kwa siku moja.

Gesi, funza na mboji

Mtambo wa bayogesi unafanya makusudi kile ambacho dampo hufanya kwa bahati mbaya. Unanyima taka hewa ili itoe methani, lakini methani inanaswa na kupelekwa jikoni. Tani yetu moja hutoa gesi inayoweza kuchukua nafasi ya zaidi ya kilo 100 za mkaa, na huku serikali ikiwa na mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, faida hiyo si ndogo. Miti ya Geita na Kagera inayokatwa kwa ajili ya majiko ya Mwanza imo ndani ya hesabu hiyo.

Shida ziko mbili. Ya kwanza ni kuvuja. Methani ikivuja asilimia 5 tu, tani moja inapoteza kilo 2, sawa na kilo 54 za hewa ukaa, ambayo bado ni nafuu kubwa kuliko dampo. Lakini mtambo uliopasuka kuba na kuachwa ukiendelea kulishwa ni dampo lenye bomba. Ya pili husahaulika zaidi. Gesi inapotoka, nitrojeni na fosforasi hubaki zote kwenye tope. Tope hilo ni mbolea nzuri sana shambani. Likimwagwa mtaroni kwa kukosa wa kulichukua, umeokoa tabianchi na kuliumiza ziwa. Ukiona mradi wa gesi hauna mkulima kwenye mpango wake, uulize tope linakwenda wapi.

Funza ni wa nzi askari mweusi, ambaye si yule wa chooni. Akiwa mkubwa hali taka na hasumbui vyakula vya watu. Funza wake humaliza mabaki ya chakula kwa wiki mbili hivi, na wakikaushwa karibu asilimia 40 ya uzito wao ni protini. Kanda ya Ziwa njia hii ina faida ambayo sehemu nyingine hawana. Dagaa wengi wanaovuliwa ziwani, hasa wale wanaoanikwa mchangani, huishia kwenye chakula cha kuku na mifugo mingine. Funza akichukua nafasi ya dagaa huyo, ziwa linapumzika na dagaa anabaki kuwa kitoweo. Akichukua nafasi ya mashudu ya pamba, ambayo tayari ni mabaki ya kiwanda, faida inapungua sana. Funza ni yule yule, taka ni ile ile, hesabu imebadilika kwa sababu ya kile kilichoachwa kutumika.

Mboji ndiyo njia ninayoipenda, kwa hiyo niiseme kwa uangalifu. Inafaa kwa sababu haihitaji mashine. Lundo likiwa na mchanganyiko wa mabichi na makavu, likafunikwa mvua isiliroweshe na kugeuzwa hewa ipite, hupanda joto hadi nyuzi 55 au 60 na kuua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Likiachwa bila kugeuzwa linageuka kuwa lile ghuba la nyuma ya soko, na jina la mboji haliizuii methani kutoka.

Wapigia debe wa mboji husema itaondoa haja ya mbolea ya dukani. Tupime. Tani yetu ya taka inaacha kilo 300 hadi 400 za mboji. Ikiwa na nitrojeni ya asilimia moja na kidogo, hiyo ni kilo 4 hivi za nitrojeni, sawa na kilo 9 za urea, na nyingi yake haitoki mwaka wa kwanza. Mfuko mmoja wa urea ni kilo 50. Basi thamani ya mboji haiko kwenye kushindana na urea. Iko kwenye ardhi yenyewe. Udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni haushiki maji wala rutuba, ukiutia urea mvua inaipitisha chini kabla mmea haujaifaidi. Mboji inaupa uwezo wa kushika. Mkulima wa mchicha anayemwagilia mara mbili kwa siku ataona tofauti kwenye ndoo zake kabla hajaiona kwenye majani.

Njia zote tatu zina adui mmoja: mchanganyiko. Betri moja, pampasi, vipande vya chupa, na mzigo mzima hauna kazi. Nimeshika mboji iliyotoka kwenye taka zisizotenganishwa. Kwa mbali ni nyeusi na nzuri, ukiipekecha kiganjani unakuta nyuzi za salfeti, kizibo, wembe. Hakuna mkulima atakayeitia shambani mahali anapopita pekupeku, na ana haki. Kutenganisha baadaye, damponi, kunamfanya mzoa taka achambue kwa mikono uchafu ambao jikoni ungetenganishwa kwa sekunde mbili. Ndoo ya pili jikoni ndiyo inayoamua kama mtambo wa mamilioni utafanya kazi, na kwenye miradi mingi ndiyo inayopewa fedha kidogo kuliko vyote.

Juu ya njia hizo zote kuna moja inayozishinda bila kuhitaji teknolojia: chakula kisiwe taka. Nyanya iliyopondeka ndani ya tenga njiani imeshakula mbolea, dawa, maji na dizeli kabla haijafika sokoni, na hakuna mboji itakayorudisha hayo. Mwanza tayari inajua hili kwa upande wa samaki. Sangara akitoka kiwandani, minofu inasafirishwa nje, mabondo, yaani vibofu vyake vya hewa, yanauzwa kwa bei kubwa kuliko nyama yenyewe, mapanki yanakaangwa na kuliwa au kusagwa kuwa chakula cha mifugo, mafuta yanachujwa. Hakuna aliyewafundisha watu wa mwaloni semina ya uchumi wa mzunguko. Matumbo ndiyo yanayobaki bila mwenyewe, na hayo ndiyo yanayonuka.

Ukilinganisha, linganisha na nini?

Swali hili ndilo linaloamua majibu, na ndilo ambalo wenye miradi hulijibu kimyakimya kwa namna inayowafaa. Karibu kila maelezo ya mradi wa taka husema "tutapunguza tani kadhaa za hewa ukaa", na siku hizi kwa kuwa kuna biashara ya hewa ukaa, tani hizo zina bei. Zinapungua kutoka wapi? Mara nyingi wamechukulia kwamba bila mradi, taka zote zingezikwa kwenye dampo la kina kirefu lenye kutoa zile kilo 1,080. Kwa taka za masoko makubwa na mahoteli ya katikati ya mji, ambazo kweli hupakiwa malori hadi Buhongwa, dhana hiyo inakaribia ukweli.

Kwa nyumba za mlimani haikaribii. Kule mawe yameachia njia ya mtu mmoja, mkokoteni haupandi, guta haliingii, na anayelipia mtu wa kushusha salfeti yake ya taka mabegani hulipa fedha ambayo wengi hawana kila wiki. Taka ya mlimani haikuwa ikienda dampo. Ilikuwa ikitupwa kati ya majabali, ikikauka kwa sehemu, kuliwa na mbuzi kwa sehemu, na iliyobaki kusubiri mvua. Methani yake ilikuwa ndogo. Mtu akija kudai amepunguza kilo 1,080 kwa kila tani ya taka ya Igogo, anauza kitu ambacho hakikuwepo.

Lakini ukigeukia safu ya maji, picha inapinduka. Taka hiyo ya mlimani ndiyo iliyokuwa na njia fupi kuliko zote kwenda ziwani: mwamba, mtaro, Mirongo. Kila kilo ya maganda inayozuiwa kule juu ina maana zaidi kwa maji yetu kuliko kilo ile ile iliyozuiwa sokoni, ambako angalau lori lilikuwa likija. Kwa hesabu hiyo, pipa la plastiki lililotobolewa matundu ubavuni, likaegeshwa kwenye kivuli cha jiwe na kufunikwa bati, lina nafasi kwenye mpango wa jiji kama lilivyo na nafasi mtambo wa gesi kule chini. Halimeng'enyi mengi. Linatosha kaya nne au tano, likijaliwa kugeuzwa. Ila taka ya sokoni na taka ya mlimani zitakuwa zimepimwa kila moja kwa madhara yake yenyewe, na hapo ndipo madiwani watakapoweza kuuliza fedha ya kwanza iende wapi: kwenye ndoo za pili za wenye maduka ya vyakula, au kwa kijana atakayelipwa kupanda kila wiki, kugeuza mapipa na kushuka na mboji hadi kwa wakulima wa mchicha wa bondeni, ambayo ikikauka vizuri ina uzito wa chini ya nusu ya taka iliyoizaa.